Tuacheni Tuzifungue Hizi Swichi

Kuna jambo moja ambalo serikali yetu ya wanafunzi inatakiwa ilisemee kabla bajeti ya maabara haijapita, na najua wengi watalipita kwa sababu halihusu mkopo, dahalia wala bei ya chapati kantini. Linahusu swichi. Lile sanduku lenye matundu manane au ishirini na nne na vitaa vinavyomeremeta, ambalo kebo zote za mtandao zinaishia kwake. Ombi lenyewe ni hili: turuhusiwe kuchukua baadhi ya swichi zilizostaafu, tuitoe ile programu ya kiwandani, tutie mfumo endeshi huria, na tuzisome kama tunavyoisoma kompyuta yoyote nyengine.

Maana swichi ni kompyuta. Hata sisi wa TEHAMA tunaichukulia kama soketi ya umeme: unachomeka, inafanya kazi, basi. Kumbe ina prosesa, ina memori, ina mahali pa kuhifadhi, na nyingi katika zile za kusimamiwa zinatoka kiwandani zikiwa na Linux ndani, ila imefunikwa na kurasa za mtengenezaji usiione. Chukua Zyxel GS1900-8, swichi ndogo ya poti nane. Ndani mna chipu ya Realtek yenye prosesa ya megahezi 500, memori ya MB 128 na flashi ya MB 16. Simu iliyomo mfukoni mwako inaiacha mbali sana. Lakini kwa kazi yake inatosha, na kwa kusomea inatosha na kubaki.

Mfumo ninaouzungumzia unaitwa OpenWrt, na namna ulivyozaliwa kila mwanafunzi angefaa aijue. Mwishoni mwa 2002 Linksys ilitoa ruta yake ya WRT54G. Wadadisi wakagundua ndani yake mna Linux, na Linux inagawiwa kwa leseni ya GPL, ambayo sharti lake ni kwamba ukiwapa watu programu, uwape na msimbo wake. Wakadai haki yao. Mwaka 2003 msimbo ukatolewa, na 2004 watu wakaanza kujenga juu yake mfumo wao wenyewe. Kwa miaka mingi ulikuwa mfumo wa ruta. Toleo la 21.02, lililotoka 2021, ndilo lililoleta rasmi swichi za chipu za Realtek, na hapo ndipo habari ilipotufikia sisi wenye mifuko myepesi.

Wakubwa wana wao. Microsoft waliuweka wazi mfumo wao wa swichi unaoitwa SONiC mwaka 2016, na 2022 ukahamia Linux Foundation. Lakini SONiC unataka swichi za vituo vikubwa vya data, mashine zinazonguruma kama jenereta, na hizo kwetu tutaziona kwenye picha. Tubaki na zetu.

Sasa, kwa nini Unguja? Mtu ataniambia siku hizi kila kitu waifai, swichi za nini. Huyo hajafanya kazi Mji Mkongwe. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na mawimbi ya waifai yakigonga ukuta wa namna ile yanachoka. Unaweka kifaa sebuleni, mgeni wa chumba cha pili hapati kitu. Wala huwezi kutoboa tu unavyotaka, maana mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000. Dawa yake ni kuvuta kebo kwa adabu, ghorofa kwa ghorofa, chumba kwa chumba, na kila kebo ile inarudi kwenye swichi. Kila nyumba ya wageni, kila ofisi, kila skuli iliyomo katika jengo la zamani ina swichi imejificha chini ya ngazi au juu ya kabati. Ajira yetu, wenzangu, iko chini ya ngazi zile.

Mwaka jana nilipokuwa fildi nilipelekwa kwenye nyumba moja ya wageni, sitaitaja. Mtandao umekufa ghorofa nzima ya pili. Swichi ipo, inawaka, lakini fundi aliyeifunga aliondoka na nywila yake, na simu yake haipatikani. Kuirudisha kiwandani ni kubonyeza kitufe tu, sawa, lakini ukibonyeza unafuta kila alichokipanga: poti ipi ya kamera, ipi ya ofisi, ipi ya wageni. Hakuna aliyeandika popote. Tulikaa pale siku mbili tunafuata kebo kwa mkono, mmoja juu anavuta, mwengine chini anapiga kelele "hii hii!". Kazi ile hakuna darasa lililotuandaa nayo, kwa sababu darasani swichi tunaichora.

Nisieleweke vibaya. Packet Tracer ni programu nzuri, nimejifunza mengi humo, na anayetaka cheti cha CCNA aende nacho kitamfaa. Lakini swichi ya kuigiza inafanya yale tu aliyeiandika aliyoyawaza. Haina joto, haina poti iliyoingia kutu kwa chumvi ya bahari, na hasa haina siri. Ukiamini umeielewa, imekwisha. Ya kweli inakukatalia.

Nitoe mfano mmoja na nitaukalia kidogo, kwa sababu ndio ulionifanya niandike makala hii. Tulikuwa wanne, tukachanga, tukanunua Zyxel moja iliyotumika. Tukapakua faili la OpenWrt (halifiki MB 16, bando la siku moja linalimudu na unabaki na la kuangalia mpira), tukalipandisha kupitia ukurasa uleule wa mtengenezaji wa kusasishia programu, ikazima, ikawaka, tukaingia kwa SSH. Kila poti ikaonekana kama kadi ya mtandao ya kawaida ya Linux: lan1, lan2, mpaka lan8. Raha ilioje. Tukaunganisha kompyuta mbili, moja inaipelekea nyengine faili la sinema, na kwenye swichi yenyewe tukawasha tcpdump ili tuone pakiti zinavyopita.

Hatukuona karibu kitu. Vipakiti viwili vitatu vya kuulizana anwani, basi. Wakati huohuo sinema inapita kwa kasi ya gigabiti nzima. Sasa inapita wapi?

Jibu lilituchukua jioni nzima, na ni hili: pakiti hazipandi kwenye prosesa. Zinaingia poti moja na kutokea nyengine ndani ya chipu ya kubadilishia, kwenye saketi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, na Linux iliyo juu haizioni. Linux ni kama sheha: anaandika nani anakaa nyumba ipi na anatoa amri, lakini hasimami mlangoni kumfungulia kila mpita njia. Ndiyo maana prosesa ya megahezi 500 inaweza kuiongoza swichi inayobeba gigabiti kwenye kila poti. Na ndiyo maana ukiilazimisha swichi hiyohiyo ifanye kazi ya ruta, kila pakiti ipande mpaka kwenye prosesa, inakwama kama daladala mbele ya Darajani saa kumi na moja.

Tofauti ya njia ya amri na njia ya pakiti imeandikwa katika kila kitabu cha mitandao. Niliisoma mwaka wa pili, nikaijibia mtihani, nikapata alama. Kuielewa nimeielewa jioni ile, na iliwezekana kwa sababu tuliweza kuingia ndani na kuuliza. Programu ya kiwandani ingetuonesha ukurasa wenye vitufe na ingeishia hapo.

Mafundi wa chuo nao wana hoja zao, nimezisikia, na si za kudharau. Ya kwanza, waranti inakufa. Kweli. Ndiyo maana nasema zilizostaafu, ambazo waranti yake ilishakufa na kuzikwa na mtengenezaji ameacha kuzitolea viraka vya usalama. Hizo hasa ndizo zinazofaidika, kwa sababu kasoro ikigunduliwa wiki ijayo, kiwandani hapana atakayeishughulikia. Hoja ya pili, mtaziua. Baadhi zitakufa. Kufungua swichi na kuchomeka kebo ya siriali kunataka umakini: kwenye hizi za Realtek inatakiwa ya volti 3.3, na ukichomeka ya volti 5 unaweza kuichoma chipu papo hapo. Lakini mwanafunzi wa udaktari hajifunzii kupasua kwa mgonjwa wa waziri.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: mtandao ukianguka saa nane za usiku, nani ataitwa? Swichi yenye mkataba ina namba ya kupiga. OpenWrt ina watu wanaojitolea, na mtu wa kujitolea yuko Ujerumani amelala. Hapa nakubaliana na mafundi kabisa. Mimi sitaki OpenWrt kwenye swichi kuu ya chuo, ile inayobeba matokeo yetu na mishahara yao. Wala si kila modeli inafaa. Kuna ambazo umeme wa kupitia kebo ya mtandao kwa ajili ya kamera haujakaa sawa, kuna ambazo haziungwi mkono kabisa, na lazima uangalie jedwali la mradi kabla hujagusa bisibisi. Maabara ndiyo mahali pake. Baadaye, tukishajiamini, labda chumba cha kusomea cha dahalia, ambako ikianguka tutakaoumia ni sisi wenyewe.

Wako pia wenzetu wanaodhani neno "huria" likishatajwa matatizo yamekwisha. Waangalie Cumulus. Ilikuwa kampuni iliyoanza 2010 ikiuza Linux ya kutia kwenye swichi za watengenezaji mbalimbali, na wengi waliipenda kwa hilo. Nvidia wakainunua 2020, na haukupita muda swichi zenye chipu za Broadcom zikaachwa nje ya matoleo mapya. Linux ilikuwa huria, lakini kipande cha kuzungumza na chipu hakikuwa huria, na mwenye chipu ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo. Kwa hiyo tukichagua swichi ya kusomea tuulize mpaka chini kabisa: msimbo unaoiendesha chipu uko wapi, na nani anaruhusiwa kuubadilisha?

Na kwetu kisiwani liko suala la umeme, ambalo hakuna Mzanzibari anayehitaji kuelezwa. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima ilikaa karibu miezi mitatu bila umeme wa gridi, kwa hitilafu iliyoukata umeme unaovushwa bahari kutoka bara. Tangu 2013 tuna waya mpya wa chini ya bahari, alhamdulillah, lakini umeme kuruka bado tunaujua, na umeme ukiruka swichi zinakwenda nao. Swichi ikiungua leo Mwanakwerekwe, ya modeli ileile huenda ukaisubiri meli. Kwenye OpenWrt mipangilio yote ni mafaili machache ya maandishi. Unayanakili kwenye flashi, na ikipatikana swichi ya kampuni nyengine inayoungwa mkono, unarekebisha majina ya poti na unaendelea. Kule kwenye nyumba ya wageni niliyoisema, faili moja la namna hiyo kwenye droo ya mapokezi lingetuokolea siku mbili na koo zetu.

Wala si kwamba tunaomba kitu kigeni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwemo katika mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, ofisi huria ya Kiswahili, mwaka 2004, wakati baadhi yetu tulikuwa hata hatujazaliwa. Hapa kwetu, wanafunzi wa SUZA walishiriki katika mradi wa kupiga picha za ramani za Unguja na Pemba kwa droni ulioanza 2016, na picha zile ziliwekwa wazi kwa umma. Droni, kitu kinachoruka juu ya nyumba za watu, wanafunzi waliaminiwa nacho. Sisi tunaomba kisanduku kinachokaa juu ya meza.

Kwa hiyo Waziri wa Elimu wa serikali ya wanafunzi, ukienda kwenye kikao, usiombe swichi mpya. Omba sita kati ya zile zilizorundikwa stoo, tuzikague modeli zake kwanza. Omba kebo mbili za siriali za volti 3.3 na soketi moja yenye kinga ya umeme. Omba ufunguo wa maabara Jumamosi asubuhi, kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri, na fundi mmoja aliye tayari kukaa nasi, chai na maandazi juu yetu. Majina ya wanaotaka kuja nimeshayaandika, wako kumi na tisa, na saba kati yao hawasomi TEHAMA.