Upatanisho si Pambo

Pana watu, na baadhi yao ni wasomi, wasemao kwamba upatanisho wa ngeli ni mzigo wa mitihani tu. Hoja yao ni hii: msomaji huelewa kwa maana za maneno, si kwa viambishi, mradi maneno yenye udugu yamekaa pamoja, akili itayaunganisha yenyewe. Hoja hii ina kweli ndani yake, na ndiyo maana inapotosha.

Kweli hiyo siikatai. Mwaka 1971, huko Marekani, David Meyer na Roger Schvaneveldt walionyesha kwamba mtu huyatambua maneno mawili upesi zaidi yakiwa na udugu, kama daktari na muuguzi, kuliko yakiwa hayana. Maana huitana. Lakini kuitana si kufungana. Udugu huyaleta maneno barazani. Hausemi lipi latenda na lipi latendwa.

Tutazame mfano. "Shamba la minazi lililouzwa": hapa imeuzwa ardhi. "Shamba la minazi iliyouzwa": hapa imeuzwa miti. Maneno ni yale yale, udugu wake ni ule ule, wala mpango wake haukubadilika. Vilivyogeuka ni viambishi viwili tu vya kitenzi. Na katika pwani yetu, ambako kwa desturi mtu aweza kumiliki minazi iliyo katika ardhi ya mwenziwe, tofauti hiyo si ya kalamu, ni ya mali. Sasa mtu aandike "shamba ya minazi iliyouzwa", kisha aseme, mradi imeeleweka. Imeelewekaje? Na nani, muuzaji au mnunuzi?

Nitajibiwa kwamba upatanisho nao hushindwa: "kifuniko cha chungu kilichovunjika" hakituambii kilichovunjika ni kipi. Ni kweli. Lakini kamba kukatika mahali pamoja si sababu ya kuzitupa kamba zote. Ni sababu ya mwandishi kufunga kwa uangalifu zaidi.

Lawama nyingine ni yetu sisi walimu. Tumeufundisha upatanisho kama orodha ya kukaririwa, wala hatukumwonyesha mwanafunzi kazi yake katika kusoma. Aliyepewa kamba asionyeshwe cha kufunga, ataiona kamba yenyewe kuwa ndiyo mzigo. Basi tumwonyeshe shamba na minazi yake, tumwulize kilichouzwa ni nini.