Vipimo Safi, Mgonjwa Hoi

Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, wapo watu waliougua UVIKO-19 na hawajarudi kuwa walivyokuwa: uchovu usioondoka hata kwa usingizi, pumzi kukata, moyo kwenda mbio, kusahau. Yanasemwa mengi juu yao, na mengi si kweli.

Husemwa corona ilishapita, anayelalamika anadeka. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii: dalili zilizopo miezi 3 baada ya maambukizi, zinazodumu angalau miezi 2, na zisizoelezeka kwa ugonjwa mwingine. Kudeka hakumo.

"Hukupimwa, umejuaje ni corona?" Angepimiwa wapi? Takwimu za taifa zilisitishwa mapema Mei 2020, na vijijini kipimo hakikufika kirahisi. Maelezo yale yale ya Shirika yanakubali hata maambukizi yanayodhaniwa. Kumdai mgonjwa cheti leo ni kumwonea.

Linaloumiza zaidi ni hili: "Vipimo vyako viko safi, nenda nyumbani." Kifua kikuu, upungufu wa damu, kisukari na moyo lazima vichunguzwe kwanza, sibishi. Lakini damu na picha ya kifua havionyeshi kila kitu. Mlaze mgonjwa atulie, hesabu mapigo ya moyo. Kisha asimame, uhesabu tena na tena hadi dakika ya 10. Kwa mtu mzima, yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika na kubaki juu huku presha haijashuka, hapo kuna jambo la kufuatilia, na aliyekuwa akiambiwa ana mawazo tu ameanza kupata jibu. Kinachotakiwa ni kitanda, saa na mashine ya presha. Zahanati ya kijijini inaweza.

Wapo wanaoshauri: "Jikaze, itatoka na jasho." Kwa wengi wa wagonjwa hawa ushauri huo unadhuru. Mama anapalilia kibanja asubuhi moja, anachota maji, anamenya ndizi za jioni. Kesho yake au keshokutwa hanyanyuki. Kuzidiwa baada ya kazi ni dalili yenyewe. Amenye akiwa ameketi, apumzike kabla hajachoka, na nyumbani wampokee jembe bila maneno.

Eti kliniki maalumu ni mambo ya Ulaya? Kweli, Uingereza walianza kuzifungua mwishoni mwa 2020, na wagonjwa wengi walilalamikia kungoja miezi. Lakini Kagera inazijua kliniki maalumu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hospitali ya Ndolage, Muleba, mwaka 1983. Leo kliniki za UKIMWI, yaani CTC, zimefika hadi vituo vya afya. Tumejifunza kwamba faili linalomfuata mgonjwa miaka yote huokoa maisha, na kwamba mlango wa peke yake humtia mtu hofu ya kuonekana, mpaka akafuate dawa wilaya nyingine.

Kwa hiyo sidai jengo jipya, wala sitaki mgonjwa wa pumzi apande meli usiku kucha kufuata hospitali ya Bugando, Mwanza. Siku moja kwa mwezi ya wagonjwa hawa ndani ya kliniki za presha na kisukari, Bukoba mjini, Ndolage, Rubya na Kagondo, inatosha kuanzia.

Waganga wakuu wa wilaya, tengeni siku hiyo. Nawe mwenye dalili hizi, usikubali kurudishwa nyumbani kabla hujapimwa mapigo ukiwa umesimama.