Kibiti: Herufi nene kwenye bango la mafuriko, zinaonya au zinaficha?

Kwenye magrupu ya WhatsApp, tangazo la mvua kubwa mara nyingi huingia kama picha. Neno TAHADHARI, kwa herufi nene zenye kona za mviringo, linajaza nusu ya kioo cha simu. Siku, saa na maeneo yanayohusika yamebanwa chini kwa maandishi ya kukodolea macho.

Kwa Kibiti hili si suala la urembo. Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yalifunika nyumba na mashamba, Kibiti na wilaya jirani ya Rufiji. Mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kikasogea hadi Mafia, kisiwa kinachotazamana na delta. Mtu wa Mbwera au Salale anayesafiri kwa boti anataka kujua kitu kimoja: ni leo jioni au kesho?

Herufi za aina hii zina kazi yake. VAG Rounded, moja ya fonti maarufu za mviringo, ilitengenezwa mwaka 1979 kwa ajili ya kampuni ya magari ya Volkswagen. Leo fonti za familia hiyo, tena nene zaidi, zinapatikana bure na yeyote mwenye simu anaweza kutengeneza bango. Kwa neno moja kubwa ziko vizuri. Abiria wa basi linalopita Barabara ya Kilwa analisoma bila shida.

Tatizo ni unene wenyewe. Unakula matundu ya ndani ya herufi na namba. Picha ikipunguzwa, ikasambazwa mara kadhaa, 8 inaanza kufanana na 3. Sasa hapo saa 3 asubuhi na saa 8 mchana mtu atazitofautishaje?

Kuna jingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutofautisha viwango: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mtengeneza bango wa mtaani akiandika kila kitu kwa ukubwa uleule na unene uleule, viwango vyote vinakuwa kelele moja. Na kona za mviringo zina upole fulani, ndiyo maana matangazo ya biashara yanazipenda. Bango la mafuriko likifanana na ofa ya bando, watu watalipita tu.

Suluhisho halihitaji bajeti. Unene ubaki kwa kiwango cha onyo, jina la eneo na siku. Maelezo mengine yaandikwe kwa herufi za kawaida, kubwa za kutosha. Kisha maneno yaleyale yatumwe pia kama ujumbe wa kawaida, maana picha haifunguki kwa asiye na bando, na kwenye kitochi haifiki kabisa.

Aliyeko Nyamisati akisubiri boti atasoma kwanza siku na saa. Aina ya fonti haimhusu.