Neno "Sharti" na Msimbo wa Viendeshi

Mijadala ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili imeshughulika mno na majina ya vifaa, kana kwamba kompyuta ni chombo tu wala si matini. Lakini mfumo endeshi kama Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni matini yenye sarufi yake. Kategoria mojawapo ya sarufi hiyo, yaani sharti, yastahili kutazamwa kwa makini zaidi.

Viendeshi ni programu zinazouwezesha mfumo endeshi kuvitumia vifaa kama printa. Katika lugha ya C, inayotumika kuandikia sehemu kubwa ya viendeshi vya Linux, masharti ni ya aina mbili. La kwanza hupimwa programu inapotekelezwa. La pili, linaloanzishwa kwa #ifdef, huamuliwa kabla ya kompaila kuanza kuigeuza matini kuwa lugha ya mashine. Mfumo ukiundwa bila chaguo la CONFIG_PM_SLEEP, sehemu ya kiendeshi iliyofungwa kwa sharti hilo, yenye kukilaza na kukiamsha kifaa, hukatwa. Kompaila haiioni kamwe.

Aina zote mbili zikiitwa "sharti" tu, mwanafunzi hupotoka. Tofauti yake inakaribia ile ya -ki- na -ngali-: "akija" huacha jambo bila kuamuliwa, ilhali "angalikuja" huhusu jambo lililokwisha kupita. Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka. Kishazi chenye -ngali-, ingawa hutaja lisilotukia, husikika, na kosa lake la upatanisho hugunduliwa. Msimbo uliokatwa haukaguliwi. Kosa lake huweza kujificha humo hadi atokee mtumiaji aliyechagua mpangilio mwingine, naye akashindwa kukiunda kiendeshi.

Ndiyo maana mwongozo wa uandishi wa msimbo wa Linux unashauri, inapowezekana, kutumia if ya kawaida pamoja na IS_ENABLED. Hapo kompaila husoma matini yote, hukagua sarufi yake, kisha huondoa isiyohitajika. Hiyo ndiyo -ngali- halisi. #ifdef hubakia pale ambapo majina yanayotajwa hayapo kabisa sharti lisipotimia.

Yafaa basi wanaistilahi watenganishe "sharti la utekelezaji" na "sharti la matini", na jina la pili litengewe #ifdef. Urefu wa istilahi si hoja ya kuzikataa. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili hana budi kuweza kueleza, kwa maneno ya lugha hiyohiyo, ni sehemu gani ya msimbo iliyokaguliwa na ipi haikusomwa kabisa.