Jina la ukumbi nalo ni mali ya umma

Nimepotea kidogo, UE zilinibana, mtanisamehe. Leo sina habari za boom wala foleni ya cafe. Nina hoja moja: ukumbi ukiwa mali ya jiji, nani mwenye haki ya kuliondoa jina lililoandikwa mlangoni? Mimi nasema ni wenye mji. Mfano wangu ni ukumbi wa muziki wa jiji la Bristol, Uingereza. Tuliugusia kwenye historia, kipindi cha biashara ya utumwa ya Atlantiki, na ubishi ukatufuata mpaka chumbani.

Kwanza niwape historia yake maana bila hiyo tutabishana hewani. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1867, ukaitwa Colston Hall. Ulijengwa na kampuni ya wafanyabiashara kwenye kiwanja ilipokuwa shule iliyoanzishwa na Edward Colston. Uliungua mwaka 1898, ukajengwa tena. Mwaka 1919 ukawa mali ya jiji. Vita vya pili vikaja, Bristol ikapigwa mabomu kweli kweli, ukumbi ukapona. Halafu mwaka 1945, vita inakaribia kwisha, ukateketea kwa sababu ya kipisi cha sigara! Jiji likaujenga upya, ukafunguliwa mwaka 1951.

Na mambo yaliyopita pale si madogo. Bob Dylan kapiga pale mwaka 1966, Jimi Hendrix mwaka 1967. The Beatles walipomalizia ziara yao pale Novemba 1964, watu walijificha juu ya jukwaa wakawamwagia unga vijana wa watu wakiwa katikati ya wimbo. Unga wa ngano jamani, siyo ule mwingine. Kwa hiyo tunaongelea ukumbi ambao mtu wa Bristol anaujua tangu babu yake.

Sasa huyo Colston ni nani? Alikuwa tajiri wa Bristol aliyekufa mwaka 1721. Alitoa sana sadaka, akajenga shule na nyumba za wazee. Lakini pia alikuwa mmoja wa viongozi wa Royal African Company, kampuni iliyokuwa inabeba watu kutoka Afrika Magharibi kwenda kuuzwa ng'ambo ya bahari. Inakadiriwa kwamba katika miaka aliyokuwa nayo, kuanzia 1680 hadi 1692, kampuni hiyo ilisafirisha Waafrika wapatao 84,000, na zaidi ya 19,000 walifia melini. Soma tena hiyo namba ya pili, polepole.

Ndiyo maana Massive Attack, bendi iliyozaliwa hapo hapo Bristol na kujulikana dunia nzima, iligoma kupiga kwenye ukumbi huo kwa sababu ya jina. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Ukumbi ni wa jiji, unatunzwa kwa kodi za wananchi, lakini watoto wa jiji hilo hilo hawaingii kwa roho safi. Mtu mweusi wa Bristol alipe kodi ya ukumbi, kisha anunue tiketi yenye jina la aliyefanya biashara ya babu zake? Ukumbi wa namna hiyo ni wa umma kwenye makaratasi tu.

Mwaka 2017 taasisi ya Bristol Music Trust, inayouendesha ukumbi kwa niaba ya jiji tangu 2011, ilitangaza kwamba jina litaondolewa. Kelele zikawa nyingi, watu wakasaini kupinga. Juni 2020 waandamanaji wakaiangusha sanamu ya Colston mjini na kuitupa bandarini. Septemba mwaka huo huo ukumbi ukaitwa Bristol Beacon. Angalia miaka hapo: uamuzi ulitangulia sanamu kuanguka kwa miaka mitatu. Kwa hiyo anayesema walibadili kwa kuogopa maandamano, hesabu zinamkataa.

Chumbani wenzangu walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza: mnafuta historia. Nawajibu hivi. Colston hakuujenga ukumbi ule, hakutoa hata senti. Ulipofunguliwa alikuwa kaburini miaka 146! Jina liliwekwa na watu wa 1867 waliochagua nani wa kumtukuza. Kama wao walichagua, kwa nini watu wa 2020 wasichague? Historia ya Colston ipo vitabuni na inafundishwa. Kilichoondoka ni heshima, na heshima hupewa na walio hai.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: jina halimjazi mtu tumbo. Mwaka 1963, Colston Hall ikijaza watu, kampuni ya mabasi ya Bristol ilikuwa inakataa kuwaajiri weusi na Waasia kuwa madereva na makondakta. Watu waligomea mabasi mpaka kampuni ikasalimu amri. Mwenzangu akasema, unaona, ile ndiyo kazi, kubadili kibao ni mapambo. Hapo nakubali nusu. Kibao peke yake hakitoshi. Lakini sisi tunaosoma ualimu tunafundishwa kwamba kuna mtaala rasmi na kuna mtaala uliofichika, yaani yale mtoto anayojifunza bila mwalimu kufungua mdomo. Jina la mlangoni ni mtaala uliofichika. Mtoto anayeletwa kwenye tamasha la shule anajifunza kwamba huyu ndiye mkubwa wa mji wetu, na hakuna wa kumsahihisha. Hata sisi hapa Mlimani, Nkrumah Hall inakuambia kitu kabla mhadhara haujaanza, ilimradi kuna mtu aliyekueleza Nkrumah ni nani.

Na msidhani umiliki wa umma ni maneno matamu tu. Ukumbi ulifungwa mwaka 2018 kwa ukarabati uliokadiriwa kugharimu kama pauni milioni 48. Ulipofunguliwa tena Novemba 2023 bili ilikuwa imefika milioni 132, na sehemu kubwa ilibebwa na jiji. Ni pesa ambazo zingeweza kwenda kwingine, na wananchi wana haki ya kulalamika. Lakini ndiyo hapo hapo: anayeletewa bili ndiye mwenye mali, na mwenye mali ndiye mwenye sauti juu ya jina. Haiwezekani umma uitwe mwenye mali siku ya kulipa tu, siku ya kuamua uambiwe unaharibu historia.

Ila kuna kitu kimoja ningewaomba watu wa Bristol. Wasiishie kwenye jina jipya zuri lisilomuudhi mtu. Mtoto wa mwaka 2040 akiingia Beacon asikie muziki, lakini akute pia maelezo kwamba ukumbi huu uliitwa nani, kwa nini, na kwa nini ukaachishwa. Bila hivyo wale waliosema historia inafutwa watapata pa kushika.

Mimi nimemaliza. Mnaobisha, uwanja ni wenu.