Ujira na Insafu, kwa Macho ya Ringwani

Ndugu mwandishi, nakubaliana nawe ya kwamba ujira hupanda kwa kadiri ya cheo. Lakini sisi tukaao Ringwani, baina ya machimbo ya dhahabu ya Nyamongo na mbuga ya Serengeti, twaona kila siku kwamba sekta humwinua mtu au kumshusha kabla hata cheo chake hakijatajwa. Amri ya Tanzania ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2013 ilimkadiria mtumishi wa shamba shilingi 100,000 kwa mwezi, na yule wa kampuni ya madini yenye leseni ya uchimbaji shilingi 400,000, ilhali jua liwachomalo wote wawili ni moja. Basi ikiwa tofauti hiyo imo katika ngazi ya chini kabisa, ambako sheria yenyewe imeiandika bayana, je, ni kubwa kiasi gani katika ngazi za mameneja na wakurugenzi, ambako mikataba hutiwa saini faraghani?

Kwamba tofauti hiyo yaweza kupunguzwa, mfano tunao: mnamo Oktoba 1966 Rais Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa mkoa wetu huu wa Mara, aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisemi mkurugenzi na kibarua walingane, kwani elimu na dhima vina thamani yake. Nasema kila kampuni na itangaze uwiano wa mshahara wake wa juu na wa chini, ili insafu ipate mizani.

Msomaji, Ringwani