Tusiseme Kadari Kabla ya Kumuuliza Mwenye Meli



Msimu wa harusi ukikaribia, mazungumzo yetu huwa ni singo, shela na ukumbi. Leo naomba tuzungumzie chombo kitakachombeba biharusi, mama yake, somo yake na masanduku yote. Mimi niko Mwadui, Shinyanga, nchi ya almasi na vumbi, na maji makubwa ya karibu yetu ni Ziwa Victoria. Lakini nguo ninazoshona zinafika hadi Pemba, na huku kwetu pia tunajua msiba wa maji. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa abiria 430, na waliokufa walizidi 800. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka kikiwa kinakaribia kutia nanga Ukara. Walikufa watu 228.

Nyinyi wa visiwani hamhitaji kukumbushwa Spice Islander. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Idi imepita siku chache tu, meli iliyostahili kubeba abiria kama 600 ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Tume ya uchunguzi ilikuja kusema waliokuwamo walizidi 2,400.

Baada ya kila msiba tunasema, ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli, na kwa mfiwa hakuna neno lililo bora kuliko hilo. Aliyekufa maji tunamtarajia daraja ya shahidi. Ila neno la kumfariji mfiwa lisigeuzwe kuwa jibu la mwenye meli. Sote tumefundishwa madrasa habari ya yule bedui na ngamia wake: Mtume (S.A.W.) alimtaka amfunge kwanza, kisha ndiyo ategemee. Kuuza tiketi mara tatu ya uwezo wa meli ni kumfungulia ngamia kwa makusudi.

Niseme kwa lugha ya kazi yangu. Gauni la biharusi likifumuka ubavuni siku ya harusi, mama mtu hamtafuti binti aliyepiga ule mshono. Ananipigia mimi. Mimi ndiye niliyepokea pesa, niliyechagua uzi, niliyempa binti magauni sita kwa siku mbili. Kwenye meli mambo yanageuzwa: tunamtafuta nahodha, tena mara nyingi naye amezama. Aliyekaa ofisini akahesabu pesa za tiketi, aliyeamua magunia yapakiwe hadi sehemu ya abiria, huyo hutajwa mwisho.

Dunia ililijua hili zamani. Mwaka 1987 meli ya Herald of Free Enterprise ilipinduka Zeebrugge, Ubelgiji, kwa sababu iliondoka bandarini mlango wa magari ukiwa wazi. Walikufa watu 193. Uchunguzi haukuishia kwa baharia aliyekuwa amelala. Ulipanda hadi kwa wakubwa wa kampuni nchi kavu, ambao walikuwa wameombwa waweke taa ya kumwonyesha nahodha kama mlango umefungwa, wakapuuza. Kutokana na misiba ya namna hiyo zikaja kanuni za kimataifa za usimamizi wa usalama wa meli, zilizoanza kuwa lazima kwa meli za abiria mwaka 1998. Zinataka kila kampuni iwe na mtu maalumu nchi kavu anayefuatilia usalama, na awe na njia ya kumfikia mkubwa wa juu kabisa. Lakini hizo ni kwa safari za nchi na nchi. Boti ya Unguja na Pemba, au ya Mwanza na Ukerewe, inategemea sheria za nyumbani na wasimamizi wetu, TASAC Bara na ZMA Zanzibar.

Najua mtaniambia abiria nao hujisukuma. Kweli, siku za Idi sisi wenyewe ndio tunaosema “tubanane tu, tutafika”. Lakini anayejua meli inabeba wangapi ni mwenye meli, na ufunguo wa geti anao yeye. Baada ya MV Skagit kuzama karibu na Chumbe mwezi Julai 2012, waziri aliyehusika Zanzibar alijiuzulu. Baada ya MV Nyerere, bodi ya TEMESA ilivunjwa. Ni hatua za kusifiwa, ingawa zote zilikuja watu wakiwa wameshazikwa.

Na wengine hawakuzikwa. Hapa ndipo linapotugusa sisi wanawake hasa. Katika Spice Islander, zaidi ya watu 1,300 walihesabiwa kuwa wamepotea bila mwili kuonekana. Mke wa aliyepotea yuko wapi kisheria? Eda yake ya miezi minne na siku kumi anaianza lini? Mirathi itagawanywaje ikiwa kifo hakijathibitika? Mimi si mwanachuoni, na maulamaa wana kauli tofauti kuhusu mke wa aliyepotea, kwa hiyo jambo hili ni la Kadhi. Lakini Kadhi naye anahitaji ushahidi, na ushahidi wa kwanza ni jina kwenye orodha ya abiria. Karani anapompitisha mtu bila kuandika jina ili apate nauli ya ziada, anamwacha mwanamke fulani si mke wala si mjane. Watoto wa mikononi ndio kabisa, mara nyingi hawaandikwi popote.

Kwa hiyo, dada unayeolewa, kwenye bajeti ya harusi weka nauli ya kila mtu kwa jina lake kamili, hata mtoto wa miezi mitatu. Masanduku, friji na makochi yaende na chombo cha mizigo, siku nyingine. Safirini mchana. Wakala wa tiketi muulize chombo kinabeba wangapi na leo wameshaandikwa wangapi, na majaketi okozi ya watoto yako wapi. Akikujibu “Mungu atatufikisha”, mwitikie amina, kisha mwombe akuonyeshe orodha.